Redio Isiyoshika Wimbo

Zahanati ya Shamba la Ngano,
Basotu, Hanang.
18 Aprili 1988

Mpendwa Mjomba Hilary,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ngano ni kijani mpaka macho yanachoka, na nina habari ambayo haiwezi kusubiri likizo: wimbo wa mama utaimbwa redioni!

Kweli kabisa. Watu wa redio walikuja Katesh na gari lao la kurekodia, wakasikiliza kwaya za parokia zote, na zamu ya wanawake wa Endasak ilipofika wakauomba wimbo uleule mara mbili. Ndio ule mama aliotunga akipalilia maharage, ule wa mbegu. Utatangazwa asubuhi ya Pentekoste, mara moja tu, halafu basi. Na mama, unajua, tangu avunjike nyonga hajavuka uzio wa nyumba. Hakuwepo Katesh. Wenzake waliporudi wakamsimulia, alicheka sana, kisha akauliza, "Sasa mimi nitausikia lini?"

Basi nikafanya jambo. Akiba niliyojiwekea ya cherehani nikaitoa, nikaingia duka la Isidori pale Katesh, nikamwambia, "Nataka redio ya kushika wimbo, siyo ya kusikiliza tu." Akanitolea redio kaseti nyekundu, mpya, ndani ya boksi lake. Akaiwasha, ikaimba mpaka mabakuli yakatetemeka rafuni. Nikaibeba hadi Endasak. Mama aliipokea vile anavyopokea kila kitu kipya, majirani wakajaa, na Kornelia wa kwaya akacheza mpaka kitenge kikamlegea.

Mjomba, haishiki! Redio inasikika vizuri. Ukiweka kanda yenye nyimbo, inaimba. Lakini ukibonyeza kitufe cha kurekodi, kanda inazunguka kama kawaida, na ukiirudisha husikii kitu ila shiiii, kama mvua ya mbali. Nilipita tena kwa Isidori kumwambia. Akaninyooshea kidole maandishi ya ukutani: BIDHAA ILIYOUZWA HAIRUDI. Akasema, "Dada, si wewe mwenyewe uliisikia ikiimba hapa?"

Hivi ndivyo ilivyo kweli, Mjomba? Katekista Bura ana redio, lakini ni ya kusikiliza tu. Wimbo ukipita hewani siku ile, umepita.

Mpwa wako,
Tekla

*

Mbulu,
24 Aprili 1988

Binti yangu Tekla,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu nikaisoma kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Dada yangu redioni! Huyu huyu aliyekuwa akinifukuza jikoni kwa sababu eti namharibia sauti ya pili!

Sasa tulia, tuelezane. Isidori hakukuuzia boksi jekundu tu. Ulimwambia unataka kitu cha kushika wimbo, naye akakubali, akakupa. Hapo amekuuzia boksi pamoja na kazi yake. Chukua mfano wa mtamba. Mtu akikuambia mtamba huyu ana mimba, ukamnunua kwa ajili hiyo, kisha ikaonekana hana, hawezi kukujibu kwamba siku ya mnada ulimwona anatikisa mkia. Mkia haukuwa mazungumzo yenu. Ndivyo ilivyo kwa redio kuimba dukani.

Sheria ya kuuziana bidhaa ipo tangu sijaanza kufundisha. Inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anataka kitu cha kazi gani, akategemea ujuzi wake, basi kitu kile sharti kifae kwa kazi hiyo. Kisipofaa, unayo haki ya kukikataa. Na maandishi ya ukutani? Hayo ni muuzaji anazungumza peke yake. Hayawezi kuyafuta mliyokubaliana wawili.

Lakini haki hii ina upande wa pili, nao watu hupenda kuuruka. Kama mnunuzi ameharibu kitu mwenyewe, hawezi kumbebesha muuzaji. Kwa hiyo nakuuliza, nawe ujibu kwa utulivu: je, redio imedondoka? Imefunguliwa? Imeingiwa na chochote? Barua ya kumpa Isidori nimeiandika, nimeiweka humu. Kama jibu ni hapana, mpelekee pamoja na redio na risiti. Kama ni ndiyo, ichane, uniandikie kwanza. Usigombane naye. Sema polepole, na useme mbele ya wateja wengine.

Mwambie mama yako nimeanza kufanya mazoezi ya sauti ya pili.

Mjomba wako,
Hilary Margwe

*

Mbulu,
24 Aprili 1988

Ndugu Isidori,

Salaam. Mimi ni mjomba wa Tekla, muuguzi aliyenunua kwako redio kaseti nyekundu. Alikueleza anataka kurekodi, nawe ukampa hiyo. Hairekodi. Nathibitisha kwamba haijadondoka, haijafunguliwa, wala haijaingiwa na kitu chochote. Imetoka kwako ikafika nyumbani kama ilivyotoka.

Naomba uibadilishe kabla ya Pentekoste, maana siku hiyo ina kazi ambayo haitarudiwa. Sina shaka wewe ni mfanyabiashara anayetaka wateja wake warudi dukani wakiwa na furaha.

Wako katika kujenga taifa,
Hilary Margwe, Mwalimu mstaafu

*

Katesh,
3 Mei 1988

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Ni barua nzuri, hata nimewasomea watu hapa dukani, nao wamesifu mwandiko.

Baada ya kuisoma, nilifungua kile kimlango cha kanda mbele ya mpwa wako na mbele ya wateja wale wale aliotaka wasikie. Mwalimu, mle ndani kuna siagi. Siagi ya ng'ombe, imeganda, imenuka, imeshika vumbi. Ipo pia kwenye vitufe. Nilimuuliza mpwa wako hiki ni nini, akaomba nifunge kimlango.

Mimi niliuza redio, sikuuza mkate. Unathibitisha kwamba haijaingiwa na kitu, na wewe uko Mbulu, ulithibitisha kwa macho ya nani? Redio nimemrudishia. Maandishi ya ukutani yapo palepale.

Isidori

*

Basotu,
4 Mei 1988

Mjomba,

Shikamoo. Najua Isidori amekuandikia, maana aliandika mbele yangu, akicheka. Nina aibu mpaka sijui nianzie wapi.

Ni mama. Unajua desturi ya nyumba yetu, kitu kinachoingia kwa mara ya kwanza hakikai bila siagi. Mke wa kaka Sulle alipoletwa alipakwa kwenye paji la uso, ndama alipakwa, hata jembe jipya hupakwa kwenye mpini. Redio ilipofika, mama aliizungusha mikononi akiitafutia paji la uso. Kornelia akabonyeza mahali, kimlango kikafunguka ghafla kama mtu anayetaka kusema, na mama akafurahi mno. Akasema anayekuja kuimba hupakwa mdomoni. Kabla sijanyoosha mkono, kidole kilishaingia.

Uliniuliza kama imeingiwa na chochote. Niliwaza usiku na mchana. Nikajiambia siagi ya mama si uharibifu, ni baraka, kwa hiyo jibu ni hapana. Na ukweli zaidi, nilijua watu wa dukani wangemcheka mama. Sasa wamemcheka, na wewe wamekuita mwongo, yote kwa sababu yangu.

Kuna jambo lingine nililoacha. Kabla sijapanda lori kwenda Endasak, tuliijaribu hapa zahanati mimi na Filomena, mwenzangu wa zamu. Filomena aliigiza mganga mkuu anavyofoka, tukarekodi, tukairudisha kusikiliza, tukasikia shiiii. Akaniambia, "Wewe mtu wa mlimani, umebonyeza kitufe cha kuzimia." Nikaona haya, nikafikiri kweli sijui kuitumia, nikanyamaza. Wakati huo mama hata hajaiona redio.

Lakini mama haamini. Anasema ameua wimbo kwa mkono wake. Mjomba, ameacha kuimba. Anachambua maharage kimya.

Nisamehe.
Tekla

*

Mbulu,
9 Mei 1988

Ndugu Isidori,

Salaam. Naanza na langu. Nilithibitisha jambo ambalo sikuliona. Sentensi ile naiondoa, na naomba uwasomee wateja barua hii kama ulivyowasomea ile. Siagi ipo. Ameipaka dada yangu, mama mzazi wa Tekla, kwa heri na furaha, kama tunavyopokea kila kitu kipya nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe baiskeli yangu ya kwanza ilipakwa mpaka kwenye breki, nikaingia nayo kwenye mikaratusi ya parokia. Kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kukumbuka, nikasahau.

Gharama ya kusafisha siagi ni yetu. Kama redio ingekuwa inakwaruza kanda au vitufe vinanata, nisingekuandikia neno.

Lakini tutenganishe mambo mawili, maana yamelala kitanda kimoja bila kuwa ndugu. Siagi ni yetu. Kutorekodi ni kwako. Redio ilishindwa kurekodi pale Basotu, kabla ya siagi, na Filomena wa zahanati ni shahidi. Najua utasema shahidi ni rafiki yake. Haya, tumwache. Kuna njia ambayo haihitaji kumwamini mtu yeyote. Bila shaka ulileta redio hizi kadhaa pamoja. Chukua nyingine ambayo bado imo ndani ya boksi, ambayo dada yangu hajaigusa. Weka kanda. Rekodi. Sikiliza.

Ikirekodi, mimi na siagi yangu tutanyamaza, na utakuwa umetufundisha. Isiporekodi, wewe na mimi tutakuwa tumejua.

Nakwambia pia kilichopo, maana sikukwambia vizuri mara ya kwanza. Dada yangu ametunga wimbo. Watu wa nchi nzima watausikia asubuhi ya Pentekoste, mara moja. Yeye hawezi kutembea kuufuata. Tunataka ubaki nyumbani kwake.

Hilary Margwe

*

Katesh,
15 Mei 1988

Mwalimu,

Shikamoo. Nimewasomea. Mambo ya baiskeli na mikaratusi nimeyarudia kwa sababu waliomba.

Kisha nilifunga duka mchana, jambo ambalo silifanyi, nikafungua boksi. Nikahesabu moja mpaka kumi mbele ya redio, nikasikiliza. Shiiii. Nikafungua boksi jingine. Shiiii. Zote nilizobakiwa nazo, Mwalimu, ni za kuimba tu. Kitufe cha kurekodi kimewekwa kama pambo.

Sasa nami niseme langu. Gidamis, yule fundi wa matrekta wa shamba la ngano, alinirudishia yake kabla mpwa wako hajaja kulalamika. Nilimwambia hajui kubonyeza. Fundi wa matrekta! Ilipokuja ya Tekla nilishaanza kuwa na wasiwasi, na nilipoona siagi nilifurahi, nakwambia kweli, nilifurahi kama niliyeokota kitu. Kama ungeendelea kubishana kwamba siagi haipo, ningebishana nawe mpaka mavuno. Lakini ulikuja ukakubali ya kwako yote, na mimi nikabaki nimeshika ya kwangu, hakuna mahali pa kuificha.

Gidamis nimemtumia habari aje. Redio zote nazirudisha Arusha kwa muuzaji wa jumla, na barua yako ya mtamba, ile Tekla aliyonionyesha, nimeinakili ili nikamwambie naye.

Ya Tekla siwezi kuibadilisha kwa ileile. Lakini ninayo moja ya aina nyingine, kubwa, ile inayoimba mlangoni kwangu kuita wateja. Inarekodi, nimeijaribu, hata nimemrekodi mke wangu akinifokea. Ni yake sasa. Mvua imekata barabara pale makorongoni, na lori linapita siku likitaka, kwa hiyo nitaipeleka mwenyewe Jumamosi. Likikwama, nitaibeba kichwani.

Isidori

*

Mbulu,
18 Mei 1988

Tekla, haraka, maana kondakta anasubiri nje anapiga honi!

Isidori amekubali! Soma barua yake niliyoiweka humu, mama yako asomewe yote, hasa mahali panaposema hata zile ambazo hazikuguswa hazirekodi. Msomee mara mbili. Siagi haikuua kitu.

Sasa sikiliza maagizo. Kurekodi ni jambo la utulivu. Siku ile mtu yeyote asiseme, asikohoe, asiburute kigoda. Mbwa wa Sulle apelekwe mbali. Kuku wafungiwe. Watoto wapewe mahindi ya kuchoma midomoni. Na mama yako, mwambie kwa heshima kutoka kwa mdogo wake, asiimbe. Najua itamwuma. Akiimba, sauti yake itaingia juu ya kwaya na kanda itaharibika.

Honi tena.
Hilary

*

Endasak,
24 Mei 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini ili nikuandikie kutoka hapa hapa mezani kwa mama.

Isidori alifika Jumamosi jioni, matope mpaka magotini, redio imefungwa kwenye koti lake na yeye mwenyewe ametota. Mama alimtazama, akamuuliza, "Ndiwe uliyesema mkate?" Yule mtu na unene wake wote akawa mdogo. Mama akamwambia, "Kaa, ule." Akala ugali na maziwa ya mgando, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha mama akaleta siagi. Isidori akasimama kabisa! Wakajadiliana, Mjomba, kama watu wa mahari. Mwisho wakakubaliana: kwenye mkono wa kubebea tu, kidogo, na kimlango kibaki kimefungwa. Isidori akakishika kwa vidole vyote mpaka mama alipomaliza.

Asubuhi ya Pentekoste nyumba ilijaa, na uwanja ulijaa. Maagizo yako tuliyafuata yote. Mbwa alipelekwa mbali, kwa Akonaay. Kuku walifungiwa. Katekista Bura, ambaye hukohoa tangu nizaliwe, alijifunga shuka mdomoni mwenyewe. Mtangazaji akasema, "Na sasa, kutoka wilayani Hanang, wanawake wa Endasak," Isidori akabonyeza, na ikaanza.

Kornelia alikuwa anasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye boksi, machozi yanamtiririka, na hathubutu kuvuta pua. Na mama? Mama alivumilia ubeti wa kwanza. Nilimwona anakaza midomo. Ubeti wa pili ukaingia, akafungua kinywa, akaimba. Kwa sauti yote! Watu wakamtolea macho, Bura akampungia shuka, mimi nikashika kichwa. Hakutuona. Aliimba mpaka mwisho na kwaya, na kwaya ikanyamaza kabla yake.

Tukajua habari ya kanda imekwisha. Isidori akairudisha nyuma, hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Akabonyeza. Mjomba, ilitoka kwaya peke yake, safi kama maji ya mlimani! Mama hayumo hata kidogo. Kumbe ikishika kutoka redioni haisikii watu wa nyumbani. Tungeweza kupiga ngoma, na mbwa angeweza kukaa!

Tukashangilia, Bura akakohoa kikohozi cha siku nzima kwa mkupuo mmoja. Mama peke yake hakushangilia. Aliinama karibu na redio, akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wameimba vizuri. Lakini Efrazia yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipogundua. Watu wa redio waliona wimbo ni mrefu, wakakata ubeti wa tatu. Wewe unaujua. Ndio ubeti wa majina, wa wanawake walioanzisha kwaya, na jina la kwanza ni la Efrazia, aliyewafundisha kugawa sauti, ambaye tulimzika mwaka wa njaa. Kornelia akasema, "Mama Tekla, tulijua ungeuliza. Tuliogopa kukwambia."

Mama hakugombana. Alimgeukia Isidori, akamuuliza, "Hii inaweza kunishika mimi?" Isidori akageuza kanda upande wa pili, akamwonyesha tundu dogo la kuzungumzia. Na mama akauimba wote, pole pole, kama alivyoutunga, na Efrazia akamtaja wa kwanza, kisha majina mengine yote. Tulimsaidia kiitikio. Jogoo wa Sulle yumo. Kikohozi cha Bura kimo. Isidori yumo pia, anaimba vibaya kweli.

Kanda nakutumia wewe kwanza. Mama anasema uusikie, kisha uirudishe haraka, na sauti ya pili umwachie Kornelia.

Mpwa wako mwenye furaha,
Tekla

*

Mbulu,
31 Mei 1988

Ndugu Isidori,

Salaam na asante. Kanda imefika salama. Ipo juu ya meza yangu tangu juzi, na bado sijaisikia, kwa sababu katika nyumba hii hakuna kitu cha kuisemesha. Padre anayo mashine, lakini kusikia mara ya kwanza nyumbani kwa mtu mwingine sijapenda. Nimeigeuza mara nyingi nikiangalia upande wa pili, kama mtu anayetazama barua iliyofungwa.

Basi nashuka Katesh Jumamosi kununua redio kaseti kwako. Najua nitakayoyataka, nawe uyajue mapema. Utaijaribu mbele yangu, kuimba na kurekodi. Utanipa risiti. Ikishindwa na kazi niliyoinunulia, nitairudisha, nawe utaipokea. Na yale maandishi ya ukutani, Tekla ananiambia umeyapaka chokaa. Vizuri. Ukiandika mengine, niite nikusaidie maneno.

Kanda ya kujaribia nitakuja nayo mwenyewe. Tutaanza na upande wa pili. Wateja usiwanyamazishe, haihitajiki, nimeshaelezwa.

Nikitoka kwako nitapitia Endasak kabla ya kupanda Mbulu, ili dada yangu aipokee redio yangu kwa desturi yetu. Kwenye mkono wa kubebea, kama mlivyopatana. Lakini kama kimlango kitafunguka kwa bahati mbaya, na yeye akaona ni kinywa, mimi sitamzuia mkono. Hilo nakwambia leo kwa maandishi, ili siku nyingine usije ukasema sikukueleza.

Wako,
Hilary Margwe